Vichanga Walioachwa Mombasa na Kesi Zilizokwama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu mzima akipotea, yuko mama, mke au ndugu atakayekwenda kituoni kuuliza leo, kesho na mwaka ujao. Kichanga aliyeokotwa mtaroni Changamwe au mchangani Likoni hana wa kumuulizia. Faili lake hufunguliwa na askari wa zamu, hupewa nambari, kisha hulala. Kwa maoni yangu, hilo ndilo linaloziua kesi hizi kuliko upungufu wa sheria au wa maabara. Majibu haya ni ya mtu aliyemkuta mtoto, jirani anayejua jambo, mlezi, na pia mtu mzima aliyeokotwa akiwa mchanga ambaye hadi leo hajajua alikotoka.

Nimemkuta kichanga, yu hai. Nianzie wapi?

Anza na joto. Hata katika jua la Mombasa, mtoto aliyelowa hupoa upesi, na baridi humuua kabla ya njaa. Mfute kwa kitambaa kikavu, mweke kifuani mwako ngozi kwa ngozi, mjifunike pamoja, na kichwa chake ukifunike pia. Usimwogeshe. Usimpe maji, asali wala maziwa ya ng'ombe. Kitovu kama hakijakatwa, usikikate kwa wembe ulioazima dukani. Kondo la nyuma likiwa bado limeshikana naye, lisafiri naye vivyo hivyo. Kikiwa kimekatwa na kinavuja damu, kifunge kwa uzi au kitambaa safi, ukaze.

Panda tuktuk yoyote mpaka hospitali iliyo karibu. Ukiwa njiani piga 999 au 112, au 116 ambayo ni simu ya bure ya watoto kote nchini. Polisi wanaweza kukukuta hospitalini, kwa hiyo usikae barabarani ukiwasubiri mtoto akipoa.

Akishapokelewa na daktari, hakikisha tukio limeandikwa katika daftari la matukio la kituo, yaani OB, nawe upewe nambari. Usiondoke bila nambari hiyo. Amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa, malezi, na utafutaji wa asili yake miaka thelathini baadaye, vyote huanzia hapo. Sema saa uliyomkuta, mahali penyewe hasa, nani alikuwapo, na alikuwa amevalishwa au amefunikwa nini. Kila alichokutwa nacho, hata kamba au kipande cha gazeti, kitiwe katika bahasha au mfuko wa karatasi. Kitu chenye damu kikifungiwa katika plastiki huvunda, na ushahidi huharibika.

Na nikimkuta ameshakufa?

Usimguse, usimhamishe. Najua moyo unavyokataa. Mtu akiona kile kiumbe kidogo, jambo la kwanza ni kuvua leso yake amfunike, maana hiyo ndiyo heshima tuliyofundishwa. Lakini nywele na nyuzi za leso yako zitaingia katika kesi, na vilivyokuwa juu ya mtoto vitahamia kwako. Wazuie watu kwa mbali, fukuza mbwa na kunguru, na mtu mmoja apige simu. Mvua ikianza, kinga kwa bati au turubai bila kuvigusa vilivyo chini.

Ufuoni hesabu ni nyingine. Wakati wa bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka takriban mita nne, na yakijaa hayasubiri askari. Kama bahari inakuja, piga picha mahali alipolala kabla hujamwondoa, tia alama, kumbuka saa, kisha msogeze pamoja na vyote alivyo navyo. Picha hizo mpe mpelelezi peke yake.

Akipatikana ufuoni, si inamaanisha mama ni wa mtaa ule ule?

Hapana. Mkondo wa bahari kwenye pwani yetu huelekea kaskazini, tena wakati wa kusi huenda kwa nguvu zaidi. Maji ya Kilindini na ya mlango wa Tudor nayo hutoka kila yanapokupwa, yakibeba yaliyomo. Kitu kilichotupwa kusini kinaweza kuokotwa Nyali au Bamburi. Mpelelezi anayeanza kwa kugonga milango ya nyumba za karibu bila kumuuliza mvuvi hata mmoja ameanza vibaya.

Kwa nini wapelelezi wazuri hung'ang'ania leso?

Kwa sababu leso ina mengi ya kusema. Huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, ndipo mwenyewe avikate na kuvipinda. Kichanga akipatikana amefungwa kipande kimoja, huenda cha pili kimebaki nyumbani, kina maua yale yale, rangi ile ile na jina lile lile, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Tena ukingo uliokatwa kwa mkono unaweza kulinganishwa na mwenzake.

Leso pia ina umri. Wauzaji wa Biashara Street huzijua chapa zao, na wengi wanaweza kukumbuka jina fulani lilitoka msimu gani. Kwa kesi ya zamani hilo lina thamani kubwa: kitambaa hakiwezi kutumika kabla hakijachapwa. Chapa ya kiwanda pembeni, aina ya pamba, namna pindo lilivyoshonwa, kama kwa mkono au kwa cherehani, na alama ya fundi, vyote viandikwe. Kinachoumiza ni kwamba mara nyingi kwenye ripoti huandikwa tu "amefungwa kitambaa", na kitambaa chenyewe huteketezwa pamoja na taka za hospitali.

Mfuko nao husaidia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Mfuko wa duka wenye jina na vishikio uliohifadhiwa katika faili lisilo na tarehe nzuri unaweza kuonyesha, angalau kwa kukisia, uko upande gani wa siku hiyo. Kitovu nacho: kibanio cha plastiki humaanisha mtoto huenda alizaliwa kituo cha afya, na kituo kina rejista ya waliojifungua. Uzi uliofungwa vizuri huashiria mkono wa mkunga. Kitovu kilichochanika bila kufungwa hutufikirisha juu ya mtu aliyejifungua peke yake, kwa hofu, bila wa kumshika mkono.

Daktari anajuaje kama mtoto alizaliwa hai?

Hili ni swali gumu kuliko watu wanavyodhani, na kesi nyingi hutegemea jibu lake. Kifungu cha 214 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka mzima katika mwili wa mamake akiwa hai, awe amevuta pumzi au hajavuta, kitovu kiwe kimekatwa au la. Kwa hiyo kabla ya kutaja mauaji, lazima ithibitishwe kwamba kulikuwa na uhai nje ya tumbo.

Kipimo cha zamani ni kutia mapafu majini: yakielea, husemwa alipumua. Kipimo hiki kimetumika tangu karne ya 17 katika kesi za wanawake wengi Ulaya. Leo wataalamu hawakiamini peke yake. Mwili unaooza hutoa hewa inayofanya mapafu yaelee, na kwa joto na unyevu wa Mombasa kuoza huanza mapema mno. Mtu aliyejaribu kumpulizia mtoto pumzi naye huingiza hewa. Ndiyo maana daktari hutazama zaidi: kama tumboni mna maziwa, kama kitovu kimeanza kukauka na kuwa na wekundu penye mwanzo wake, kama kuna majeraha yaliyovuja damu mwili ukiwa hai. Umri wa mimba hukadiriwa kwa urefu wa wayo na kwa mfupa wa paja, ambao karibu na goti hutokeza kiini cha mfupa kuelekea wiki ya 36 hivi.

Wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba haiwezekani kujua. Daktari akiandika hivyo, amefanya kazi yake kwa uaminifu, na asishinikizwe aseme zaidi.

DNA haiwezi kumaliza yote haya?

Inaweza mengi, kwa masharti. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina tawi hapa Mombasa, na DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, ilifunguliwa maabara yake kuu ya uchunguzi Nairobi mwaka 2022. Kutoa vinasaba kwa kichanga hakuna ugumu kama sampuli imechukuliwa mapema na kuhifadhiwa: kipande cha msuli au cha mfupa, au hata kondo la nyuma lililookotwa peke yake. Ugumu ni kupata wa kumlinganisha naye. Shakahola ilitufundisha hilo. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na miili ya kwanza kukabidhiwa jamaa ilitoka Machi 2024, baada ya jamaa kujitokeza na kutoa sampuli zao. Kichanga aliyeachwa hana jamaa anayejitokeza.

Nchi nyingine sasa hupita njia ya mababu. Katika mji wa Sioux Falls, Marekani, mtoto wa kiume aliokotwa mtaroni Februari 1981. Alifukuliwa mwaka 2009 ili vinasaba vyake vichukuliwe, kisha wataalamu wakavilinganisha na vya watu waliojipima kwa hiari kutafuta koo zao, wakachora ukoo mpaka wakamfikia mama mwaka 2019. Miaka 38. Njia hiyo ina nguvu kule kwa kuwa hazina za vinasaba vya hiari zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mijikenda, Waswahili na Wakamba ni wachache sana humo, kwa hiyo tusiahidiane muujiza. Pia, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, na haifai wasichana wa mtaa mzima wakusanywe kupimwa kwa sababu ya tetesi.

Ninalotaka kulisisitiza hapa ni hili: nusu ya vinasaba vya mtoto ni vya babake. Faili zote huandikwa kana kwamba mtoto alijitengeneza na mamake tu. Mama akiwa hajatimiza miaka 18, vinasaba vya mtoto ni ushahidi wa kosa la unajisi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na mshukiwa wa kwanza kutafutwa hapaswi kuwa huyo binti.

Mama akipatikana, atafungwa maisha?

Inategemea kilichotokea. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu mama aliyesababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12 wakati akili yake imevurugika kwa sababu hajapona athari za kuzaa au kunyonyesha. Hapo hashtakiwi kama muuaji wa kukusudia. Adhabu ni kama ya kuua bila kukusudia, na hakimu ana nafasi pana ya kupima, kuanzia kifungo kirefu hadi cha nje. Kifungu cha 227 ni cha kuficha uzazi kwa kuutupa mwili kwa siri, hata kama mtoto alizaliwa mfu. Kifungu cha 239 ni cha kumtelekeza mtoto ilhali mzazi ana uwezo wa kumtunza. Haya mawili ni makosa madogo mbele ya sheria.

Kabla ya yote hayo, huyo mama ni mgonjwa. Mwanamke aliyejifungua peke yake anaweza kuwa amebakiwa na kondo, anavuja damu, au ana homa ya uzazi inayoua kwa siku chache. Atafutwe kwa ambulansi kwanza.

Mtaani wote wanamtaja msichana mmoja. Si ingesaidia akamatwe ahojiwe?

Someni yaliyotokea Ireland. Tarehe 14 Aprili 1984 kichanga cha kiume kilichochomwa visu kilipatikana ufuoni Cahersiveen, katika jimbo la Kerry. Polisi walisikia kwamba mwanamke mmoja wa kijiji cha mbali, zaidi ya mwendo wa saa nzima kwa gari, alikuwa na mimba ambayo mtoto wake haonekani. Alihojiwa yeye na nduguze mpaka wakatia saini maelezo ya kukiri. Kumbe mtoto wake mwenyewe alikuwa amefariki na mwili kufichwa kwenye shamba lao. Kundi la damu halikulingana na la mtoto wa ufuoni. Mashtaka yakafutwa, lakini tume iliyoundwa kuchunguza polisi ikageuka kumhoji mwanamke huyo kuhusu mapenzi yake, siku baada ya siku, nchi nzima ikisikiliza. Ilikuwa 2018 ndipo vinasaba vikathibitisha kwamba hakuwa mama wa yule mtoto, na polisi wakamwomba radhi. Machi 2023 watu wengine wawili walikamatwa, wakaachiliwa bila kushtakiwa.

Miaka yote ile walipokuwa wakimwandama mtu asiyehusika, aliyehusika huenda alikuwa akizeeka kwa utulivu. Tetesi za kibarazani humdhuru binti na huiharibu kesi kwa wakati mmoja. Ukiwa na unalolijua, mwambie mpelelezi. Usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp.

Kesi ya miaka ishirini iliyopita yaweza kufunguliwa tena?

Yaweza. Mauaji hayana muda wa kuisha kisheria nchini Kenya. Makosa madogo kabisa, yale yenye kifungo kisichozidi miezi sita, ndiyo hufungwa na kikomo cha mwaka mmoja. Kifo chenye utata pia kinaweza kupelekwa mbele ya hakimu kwa uchunguzi wa wazi wa chanzo chake, hata kama hakuna mshukiwa.

Kinachokosekana ni mwombaji. Askari huhamishwa, mpelelezi aliyeanza hustaafu, vielelezo hufukiwa na vumbi stoo. Mtu yeyote mwenye haja ya kweli, awe aliyemkuta mtoto, imamu au mchungaji aliyemzika, au shirika la watoto, anaweza kuandika barua kwa mkuu wa upelelezi wa kaunti ndogo akitaja nambari ya OB, na kuuliza mambo matatu: faili liko wapi, sampuli iko wapi, mtoto alizikwa wapi. Akiyapata kwa maandishi, kesi imerudi kuwa na uhai.

Miili huzikwa wapi?

Mwili usiodaiwa ukikaa Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado twaiita Makadara, hospitali hutangaza gazetini na kutoa siku chache za kujitokeza, kisha huomba ruhusa ya mahakama ya kuzika. Vichanga huzikwa pamoja na wengine wasio na jamaa. Ombi langu kwa wahusika ni moja: kila mmoja azikwe na kibati chenye nambari, na nambari hiyo iandikwe katika faili la polisi. Yule mtoto wa Sioux Falls alipatikana jina lake kwa sababu kaburi lake lilijulikana.

Kwa Waislamu, kichanga aliyetoa sauti kisha akafa huoshwa, hukafiniwa na kuswaliwa kama mtu mzima. Msikiti ukijitolea kumzika, uhakikishe kwanza sampuli imeshachukuliwa.

Mtoto aliyeokolewa ni raia wa wapi?

Ni Mkenya wa kuzaliwa. Katiba ya 2010, ibara ya 14(4), inasema mtoto aliyepatikana Kenya akionekana hajafikisha miaka minane, na wazazi na uraia wake haujulikani, huhesabiwa raia kwa kuzaliwa. Ofisa yeyote akikusumbua dirishani, mtajie ibara hiyo.

Sisi tuliomwokota tunaweza kubaki naye?

Si moja kwa moja, hata kama mmeshampenda, na upendo huo hauna ubaya. Mtoto hupitia kwa afisa wa watoto na mahakama, kwa hapa ni Mahakama ya Watoto ya Tononoka, inayoamua atakaa wapi kwa muda. Polisi huendelea kutafuta jamaa, na kwa kawaida baada ya miezi sita hutoa barua ya mwisho kwamba hawakupatikana. Hapo ndipo mlango wa kumwasili kisheria hufunguka, nanyi mnaweza kuomba kama wengine.

Familia za Kiislamu zina njia ya kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua: mtoto analelewa kwa haki zote za malezi bila kufutiwa nasaba yake. Katika fiqhi, kumchukua mtoto aliyeokotwa ni faradhi ya kutosheleza. Mmoja akimwokota, wengine wameepuka dhambi, na wote wakimpita, wote wamebeba.

Mimi mwenyewe niliokotwa. Nianzie wapi?

Pole, na hongera kwa ujasiri wa kuuliza. Anzia kwenye makaratasi kabla ya kipimo chochote. Omba faili lako katika makao uliyolelewa, halafu mahakamani, halafu kituoni kwa nambari ya OB na tarehe. Magazeti ya wiki ile nayo yasomwe, kwa maana habari ndogo ya aya mbili inaweza kutaja mtaa, saa, au jina la aliyekuokota. Mtafute huyo mtu. Mara nyingi yeye ndiye pekee anayekumbuka ulikuwa umefungwa nini, na wengi wao wamekaa miaka wakijiuliza kama uliishi.

Ukiamua kujipima vinasaba kwa kampuni za nje, jiandae kwa jibu la aina yoyote: binamu wa mbali, ukimya, au mama aliye hai na familia isiyojua habari zako. Usiende kubisha mlangoni peke yako. Pata mshauri nasaha au mzee mnayemwamini awe mjumbe wa kwanza.

Nina mimba na sitaweza kumlea. Kuna njia isiyo ya jaa la taka?

Ipo. Piga 116, si lazima useme jina lako mwanzoni. Au nenda kliniki yoyote uombe kuonana na afisa wa ustawi wa jamii. Unaweza kujifungulia hospitalini na ukasema wazi kwamba huwezi kumchukua mtoto. Hilo si kosa la jinai. Mtoto haasiliwi kabla ya kutimiza wiki sita, kwa hiyo utapata muda wa kufikiri, na ukibadili nia utasikilizwa. Kama mimba ilitokana na kulazimishwa, au aliyekupa ni mtu wa nyumbani, sema hivyo hivyo kwa afisa. Dawati la jinsia kituoni lipo kwa jambo hilo.

Zamani niliona kitu, nikanyamaza. Nikisema leo nitashtakiwa?

Shahidi aliyechelewa bado ni shahidi. Waliokuwa vijakazi, majirani wa chumba kimoja, dereva aliyembeba mwanamke usiku, mkunga aliyeitwa na kuambiwa asahau, wengi hunyamaza kwa hofu na si kwa ubaya. DCI ina simu ya bure, 0800 722 203, unayoweza kutumia bila kujitaja. Ukihofia usalama wako, kuna Shirika la Kuwalinda Mashahidi lililoundwa kwa sheria ya 2006. Ukihofia kujihusisha mwenyewe, zungumza kwanza na wakili. Waliopo chini ya msaada wa kisheria wa serikali hawatozi. Andika unachokumbuka kabla ya kupiga: mwaka, msimu, kama ilikuwa Ramadhani au shule zimefungwa, nyumba ya nani, leso ya rangi gani. Hata kama hujui jina la mtu yeyote, mwaka na mtaa pekee vinaweza kumpeleka mpelelezi kwenye faili sahihi.